Plagi Kuingia Siyo Kuunganika

Geuza kompyuta ya mezani uutazame mgongo wake. Kwa juu kuna kundi la matundu yanayotoka kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani: USB kadhaa, la mtandao, ya sauti yenye rangi, na mara nyingi HDMI moja, tundu la picha, iliyosimama wima. Chini yake, kama kompyuta imeongezewa kadi ya picha, kuna HDMI nyingine iliyolala. Zimefanana kama mapacha, na kebo moja inaingia kotekote. Ukiichomeka ile ya juu, kompyuta nyingi zenye kadi zitawaka vizuri tu: feni inazunguka, taa ya kibodi inawaka, lakini monita inaandika kwamba haipati mawimbi. Mwenye kompyuta anasema imekufa. Haijafa. Mazabodi imeiachia kadi kazi ya kutoa picha na kulizima tundu lake, au prosesa yenyewe haina sehemu ya kutengeneza picha, hivyo tundu la juu halina kitu nyuma yake. Hamisha kebo chini, picha inakuja.

Matatizo mengi ya vifaa vya nje yanazaliwa na kosa hilohilo. Umbo la tundu linakuambia ni kebo gani itaingia, basi. Nyuma ya umbo kuna mambo mengine ambayo jicho haliyaoni: umeme kiasi gani unapita, data inaelekea upande gani, na kama kompyuta imekitambua kifaa. Kwa hiyo kifaa kikigoma tunakiuliza maswali matatu, na tunayauliza kwa mpangilio huu bila kuruka: kinapata umeme? Data inapita? Kompyuta inakijua? La kwanza linajibiwa na taa, joto au mlio wa kifaa chenyewe. La pili linajibiwa kwa kubadilisha kebo na tundu. La tatu linajibiwa ndani ya Windows, kwenye Device Manager, orodha ya vifaa vyote, ambako kifaa kilichoonekana lakini hakina draiva, yaani programu ya kukiendesha, huwekewa alama ya njano ya mshangao. Wengi huanza na la tatu. Wanashusha draiva saa nzima, kumbe kebo imekatika ndani.

Sasa tuzungumzie upande, maana hapa somo la shule linafundishwa kwa haraka kisha linasahauliwa. Kibodi, kipanya, skana, maikrofoni na kamera vinaingiza. Monita, printa, spika na projekta vinatoa. Hadi hapo kila mtu anajua. Shida inakuja kwenye vifaa vyenye sura mbili. Monita ya kugusa, kwa mfano, inatoa picha na inaingiza mguso wa kidole. HDMI inapeleka picha kutoka kompyuta kwenda kwenye monita. Mguso hauna njia ya kurudi humo. Ndiyo maana monita kama hiyo huja na kebo ya pili ya USB, na ndiyo maana ukiacha ile ya pili kwenye boksi utaona picha safi kabisa huku skrini haisikii kidole. Printa yenye skana nayo ni vifaa viwili ndani ya ganda moja, na kila kimoja kinaweza kuwa na draiva yake. Inachapa lakini haiskani? Usifungue printa. Angalia kama programu ya skana iliwekwa.

Kwa kukosa kuutazama upande huo, watu huchukua laptopu mbili, wakaziunganisha HDMI kwa HDMI, wakitaka moja iwe monita ya nyingine. Haitatokea. HDMI ya laptopu ya kawaida ni ya kutoa tu, na midomo miwili inayosema bila sikio haielewani. Ukitaka laptopu ipokee picha, tafuta kifaa cha kunasia picha, kinachopokea HDMI upande mmoja na kuingia kwenye USB upande wa pili.

Kuhusu picha, kebo inayofundisha kuliko zote ni ile ya zamani ya VGA, iliyokuja mwaka 1987 pamoja na kompyuta za IBM PS/2 na ambayo bado iko kwenye projekta nyingi. Ishike uielekeze kwenye mwanga. Utaona safu tatu, kila moja ina nafasi tano, jumla 15. Pini ya 1 inabeba rangi nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 bluu. Ya 13 na ya 14 zinapanga picha kwa mlalo na kwa wima. Ya 12 na ya 15 ndizo monita inazotumia kujitambulisha: mimi ni wa ukubwa fulani, nipe picha ya kunitosha. Ukishajua hayo, picha yenyewe inakutajia pini mbovu. Kila cheupe kikigeuka njano, bluu imekatika. Kikigeuka zambarau ya kupauka, kijani hakifiki. Kikigeuka samawati ya kijani, iliyopotea ni nyekundu. Na kama rangi zote zipo, ila Windows inang'ang'ania ukubwa mdogo kama 1024 kwa 768 kwenye monita kubwa, chunguza ya 12 na ya 15.

Pini ya 9, ile ya nne katika safu ya kati, kwenye kebo nyingi haipo tangu kiwandani. Hiyo si kasoro. Iliyopinda ndiyo ya kushughulikia: chukua kalamu ya risasi ya aina ya kubonyeza, toa risasi yake, ingiza pini ndani ya ule mdomo mwembamba wa chuma, kisha inyooshe kidogo kidogo kwa mwendo mmoja. Usiipindishe huku na huku. Chuma hicho ni laini, kikikunjwa mara ya pili au ya tatu kinakatika. Ukimaliza, ichomeke sawasawa na ukaze skrubu zote mbili kwa vidole, kwa sababu pini hupinda pale plagi inaponing'inia upande mmoja.

VGA inabeba picha kama mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka. HDMI na DisplayPort, aina nyingine ya tundu la picha, zinabeba namba. Hakuna waya unaogeuza kimoja kuwa kingine. Lazima kati yao kuwe na chipu ya kutafsiri, na chipu hiyo inatafsiri upande mmoja tu. Adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA haifanyi kazi ukiigeuza kinyume. Soma maandishi yake kabla ya kununua: kinachotajwa kwanza ndicho upande wa kompyuta. Kumbuka pia VGA haina sauti, ndiyo maana adapta nyingi za namna hiyo zina kijitundu cha milimita 3.5 ubavuni cha kutolea sauti kwenda kwenye spika. Kwa DisplayPort mambo ni nafuu kidogo upande mmoja: matundu mengi ya DisplayPort kwenye kompyuta yanaweza kusema lugha ya HDMI, hivyo adapta rahisi inatosha kutoka DisplayPort kwenda HDMI. Kutoka HDMI kwenda monita yenye DisplayPort pekee unahitaji adapta yenye chipu, ambayo kwa kawaida ina mkia wa USB wa kujipatia umeme. Mkia huo usiuache ukining'inia.

Jambo moja linalowasumbua walionunua monita ya 4K, ile yenye nukta nyingi sana: picha ipo, lakini kipanya kinajisikia kizito, kinaruka kama kinavutwa. HDMI 1.4 inaishia hezi 30, yaani picha 30 kwa sekunde, kwenye 4K, HDMI 2.0 ndiyo inayofika hezi 60. Tundu la kompyuta, kebo na tundu la monita, aliye dhaifu kuliko wenzake ndiye anayeamua. Ingia kwenye mipangilio ya skrini, tazama hezi ni ngapi, kabla ya kulaumu kipanya.

USB inastahili muda zaidi. Tazama ndani ya plagi ya USB ya kawaida, ile bapa ya mstatili. Kuna vipande vinne vya shaba. Viwili vya pembeni ni virefu kuliko viwili vya katikati. Vya pembeni ni vya umeme, vya katikati ni vya data. Vimepangwa hivyo makusudi: unapochomeka, umeme unagusa kwanza, kifaa kinaamka, ndipo data ianze, unapochomoa, data inakatika kabla ya umeme. Ndiyo sababu USB inaruhusu kuchomeka na kuchomoa kompyuta ikiwa imewaka. Matundu ya mviringo ya PS/2, zambarau kwa kibodi na kijani kwa kipanya, hayakutengenezwa kwa ajili hiyo. Kwa PS/2, zima kompyuta kwanza, vinginevyo unahatarisha mazabodi.

USB 2.0, ya mwaka 2000, inafika megabiti 480 kwa sekunde. USB 3.0, ya mwaka 2008, inafika gigabiti 5 na ina migusano mitano ya ziada ndani zaidi. Plastiki yake mara nyingi ni ya bluu, ingawa si kila kiwanda kinafuata rangi. Migusano ya zamani iko mbele na mipya iko nyuma, kwa hiyo ukichomeka polepole mno, kompyuta huweza kukiona kifaa kupitia ile ya mbele na kukichukulia kama cha USB 2.0. Diski ya nje inayonakili kwa mwendo wa kinyonga ilhali imo kwenye tundu la bluu, ichomoe kwa usalama, irudishe kwa mwendo mmoja hadi mwisho, upime tena. Ikibaki vilevile, badilisha kebo.

Kuhusu umeme, tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa hadi milliampea 500 kwa volti 5, na la USB 3.0 hadi 900. Kibodi ya kawaida haifiki hata robo ya hapo. Diski ya kuzunguka inafika, hasa sekunde zile za kwanza inapoanza kuzungusha sahani zake. Ikikosa umeme wa kutosha inatoa mlio wa tik, tik, tik, inapotea kwenye kompyuta, inarudi, inapotea. Mlio huohuo hutolewa na diski iliyokufa, na hapo ndipo watu wanatupa diski nzima yenye kazi zao. Kabla ya kuihukumu, itoe kwenye habu, kile kifaa cha kuzidisha matundu ya USB, itoe pia kwenye matundu ya mbele ya kompyuta, ambayo yamefungwa kwa waya wa ndani hadi kwenye mazabodi, uichomeke nyuma moja kwa moja kwa kebo fupi. Habu isiyo na adapta yake ya umeme inagawa kile kidogo cha tundu moja kwa vifaa vyote vilivyomo. Ukitaka habu ya kubebea diski, nunua yenye umeme wake.

Halafu kuna kebo za kuchajia tu. Kwa nje huwezi kuzitofautisha na nyingine. Ndani zina nyaya mbili za umeme na hakuna za data. Simu inachaji, kompyuta haioni kitu, na mtu anabadilisha mipangilio ya simu mpaka anachoka. Ukiikuta kebo ya namna hiyo, ifunge utepe au uzi wa rangi siku hiyohiyo, isije ikakuchezea tena.

USB-C ndiyo imezidisha mtego wa umbo. Ina pini 24, inaingia upande wowote, na ndani ya umbo hilo moja kunaweza kuwa na chochote: USB 2.0 ya polepole, USB ya kasi, picha, Thunderbolt (njia ya kasi kubwa inayobeba data na picha pamoja), au kuchaji pekee. Laptopu yenye matundu mawili ya USB-C inaweza kutoa picha kupitia moja na isitoe kupitia jingine. Soma alama ndogo zilizochongwa pembeni. Alama ya radi mara nyingi ni Thunderbolt, na hapo picha ipo. Herufi za DP zilizounganishwa maana yake tundu linatoa DisplayPort. Betri au plagi ndogo maana yake linachaji. Pasipo na alama, fungua kitabu cha modeli yako, kwa sababu adapta ya kutoka USB-C kwenda HDMI haiwezi kuunda picha ambayo tundu halitoi.

Kebo nayo ina ukomo wake. Kebo iliyokuja na simu mara nyingi ni ya USB 2.0 kwa data, hata kama inachaji vizuri, na kwa kawaida haitapeleka picha kwenye monita. Kwa umeme, kebo ya kawaida ya USB-C kwa USB-C inaishia ampea 3, ambazo kwa volti 20 ni wati 60. Zaidi ya hapo kebo lazima iwe na chipu ndani ya plagi inayotangaza kwamba inamudu ampea 5: hizo ni wati 100, na tangu kiwango kilipopanuliwa mwaka 2021, hadi wati 240 kwa volti 48. Kebo isiyo na chipu hiyo haitaungua. Chaja itakataa tu kutoa zaidi. Kwa hiyo laptopu inayolalamika kwamba inachaji polepole huku chaja ikiwa ya wati 100, shaka ya kwanza iwe kebo.

Na kabla hujasema tundu la USB-C limelegea, mulika tochi ndani. Vumbi na nyuzi za mfukoni hushindiliwa chini kila unapochomeka, mpaka plagi inakosa nusu milimita ya kufika. Zima kifaa, chukua kijiti cha mbao cha kuchokolea meno, toa uchafu kwa kukwangua taratibu pembeni mwa ule ulimi wa katikati. Usitumie sindano wala pini ya chuma. Inakwaruza migusano, na ikiunganisha mbili zenye umeme umeua tundu.

Kuna tatizo moja ambalo humchanganya hata mwenye uzoefu. Kipanya kisichotumia waya kinaanza kurukaruka, kibodi inameza herufi, betri ni mpya. Tazama kipokeaji chake kidogo kimechomekwa wapi. Kikiwa jirani na diski ya USB 3.0 inayofanya kazi, ndiyo hiyo sababu: mawasiliano ya USB 3.0 yanatoa kelele ya redio inayofika eneo la gigahezi 2.4, mahali palepale kipokeaji kinaposikilizia. Hamishia kipokeaji upande wa pili wa kompyuta, au kiweke kwenye kebo fupi ya kurefushia ili kikae karibu na kipanya. Tiba hii haitaki programu yoyote.

Kebo ya mtandao ni somo jingine la pini. Plagi ina nyaya nane katika jozi nne zilizosokotwa. Mpangilio wa T568B, mmoja wa mipangilio ya kawaida ya rangi, ukishika plagi ndoano ikiwa chini, shaba zikiwa juu na waya ukija upande wako, kutoka kushoto, ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Jozi ya kijani imetenganishwa, iko nafasi ya 3 na ya 6, na ya bluu imekaa katikati yake. Anayefunga plagi kwa kupanga jozi moja moja kwa kufuatana, kisha akafanya hivyohivyo upande wa pili, ataipima kebo kwa kile kipimio cha taa nane na taa zote zitawaka kwa mfuatano mzuri. Lakini mtandao utasuasua. Kipimio kile kinaangalia kama waya umefika tu; hakijui kwamba nyaya mbili za ishara moja hazikusokotwa pamoja, na msokoto ndio unaofuta kelele. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13 kabla ya plagi, na urefu wote usizidi mita 100.

Mtandao wa gigabiti moja unahitaji jozi zote nne. Wa megabiti 100 unatumia mbili, pini za 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo waya wa kahawia ukikatika mara nyingi mtandao haufi, unashuka kasi kimyakimya hadi 100. Ukiona Windows inaandika 100 mahali pa 1000, kata plagi ufunge upya pande zote mbili.

Ya sauti ni mafupi. Kijani ni ya spika, waridi ni ya maikrofoni, bluu isiyokolea ni ya kuingiza sauti kutoka kifaa kingine. Plagi ya hedifoni yenye pete nyeusi tatu inabeba sauti na maikrofoni pamoja. Ukiichomeka kwenye tundu la kijani lenye kazi moja utasikia ila hutasikika. Tafuta kigawanyio chenye mikia miwili.

Printa ya USB ina tabia yake. Ukiihamisha kutoka tundu moja kwenda jingine, Windows inaweza kuidhani ni printa mpya na kuongeza jina lilelile lenye namba mwishoni. Kazi zako zinaendelea kwenda kwa lile la zamani, zinapanga foleni, hakuna karatasi inayotoka. Fungua orodha ya printa, futa foleni, ondoa jina la zamani, uweke jipya liwe chaguo la kwanza. Au irudishe kebo kwenye tundu lake la awali, itaanza kuchapa yenyewe.

Katika yote haya badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha kebo, tundu na draiva pamoja kifaa kikapona, hujui kilichokiponya, na kesho kikigoma utaanza upya. Weka pembeni kebo moja ya kila aina uliyoithibitisha kwamba ni nzima, isitumike kwa kazi nyingine ila kupimia.

Na ikiwa kebo ni nzima, draiva ipo, kifaa kinafanya kazi kwenye kompyuta nyingine, lakini hapa picha inakatika ukigusa plagi kwa kidole, tatizo ni tundu lenyewe. Risasi iliyoliunganisha na mazabodi imepasuka, mara nyingi kwa sababu kebo ilivutwa kwa waya badala ya kushikwa plagi, au DisplayPort iling'olewa bila kubonyeza kile kibonyezo cha juu kinachofungua ndoano. Acha kulitumia hapohapo. Kila unapolitikisa, ufa unaongezeka hadi kwenye njia za shaba za mazabodi, na kile ambacho fundi angekichomelea kwa muda mfupi kinakuwa mazabodi ya kubadilisha. Tumia tundu jingine mpaka hilo lichomelewe.